Kadi za Kabula Bugalama

Bwenini, Mbozi
16 Februari 1997

Kwa mdogo wangu Kabula,

Salamu zikufikie hapo Ivuna, wewe na shemeji Kashinje na mtoto. Huku baridi haijapungua, na ukungu ukishuka asubuhi hatuoni hata mlingoti wa bendera. Baba yuko Tunduma na biashara yake ya ngozi, Wazambia wananunua vizuri siku hizi. Mama miguu inamsumbua. Nilisikia kwa Salum wa lori la chumvi kwamba ulijifungua binti na mkamwita Nesta. Nilifurahi sana. Nilitaka kuandika tangu wakati ule, kalamu ikawa nzito.

Ukijibu, usitumie sanduku la shule. Barua zetu hufunguliwa na mwalimu wa zamu kabla hatujapewa. Mpe Salum, naye ataiacha kwenye duka la mkewe Zaitun pale Vwawa. Jumapili tukiruhusiwa kutoka mimi hupita pale. Andika Conjesta juu ya bahasha. Zaitun ndiye mtu pekee upande huu anayenifahamu kwa jina hilo.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Mwezi wa kumi na moja tunafanya mtihani wa taifa wa kidato cha nne, na mimi, mdogo wangu, sishiki kitu. Nasoma ukurasa mzima, nikifunga daftari umeondoka wote. Mtihani wa kufunga mwaka nilikuwa karibu na mkia wa darasa. Mwalimu wa taaluma aliniita ofisini, akafungua faili langu, akaniambia haelewi.

"Wewe ndiye uliyeongoza wasichana wa tarafa nzima darasa la saba," akasema. "Umepatwa na nini, Kabula?"

Nikamwambia nitaongeza bidii, nikatoka.

Nakumbuka tulipokuwa tukisoma pamoja hapo kwenu, ulikuwa na zile kadi alizokufundisha Mwalimu Marita, za kukata kwenye maboksi. Mimi nilikuwa nacheka, nikisema unacheza karata peke yako. Tafadhali nieleze ulikuwa unazitumiaje mpaka mambo yanakaa kichwani. Najua lile walilolipanga wazazi wetu halikukupendeza. Na mimi sikuulizwa. Tuliache lilipo.

Nisalimie baba mkubwa na mama mkubwa.

Dada yako,
Conjesta


Ivuna
20 Aprili 1997

Dada Conjesta,

Mwangaluka. Huku tu wazima. Nesta ameanza kutambaa na kila anachookota anakitia mdomoni. Mama anakusalimu. Baba naye yupo, ng'ombe wake wanaendelea vizuri, wale wa mahari yangu wameshazaa. Barua yako ilikaa kwa Salum muda mrefu kwa kuwa mvua ilikata barabara na lori halikushuka huku bondeni. Ilipofika ikakaa kwangu, kwa sababu sikutaka kuijibu.

Unasema lile jambo halikunipendeza. Umelitaja kama mtu anavyotaja mchuzi uliozidi chumvi. Ngoja nikwambie mimi nilivyoliona, maana hatujawahi kulizungumza.

Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipobandikwa, la msichana lilikuwa moja tu, langu. Lako halikuwemo. Wakati huo Kashinje alikuwa ameshaleta posa. Baba mdogo Makene akaja kutoka Tunduma, akakaa na baba nje ya boma, nami nilikuwa nachuja maziwa karibu nao. Hawakupunguza hata sauti. Baba mdogo akasema, "Huyu anaolewa. Nafasi ya serikali isipotee bure. Nipe jina nimpeleke Conjesta." Baba hakufikiri hata kwa muda wa kumaliza kikombe chake. Akasema, "Chukua." Cheti changu cha darasa la saba kikaingia kwenye mfuko wa koti la baba yako. Wewe ulikuwa umekaa na mama, umevaa gauni langu la njano. Ni kweli hukuulizwa. Lakini hata kukataa hukukataa.

Nami nina swali. Wakiita jina langu asubuhi, unaitika mara moja au unachelewa kidogo?

Kuhusu kadi. Unakata boksi vipande vya ukubwa wa kiganja. Upande mmoja unaandika swali moja, upande wa pili jibu lake, fupi. Usiandike aya nzima, hiyo ni kuhamisha daftari. Unasoma swali, unajibu kwa sauti, ndipo unageuza. Ukigeuza kabla hujajibu umejidanganya mwenyewe, na huko kwenye chumba cha mtihani hakuna pa kugeuza. Ulizozijua weka fungu lake, ulizobabaika fungu lake, usizozijua kabisa fungu lake. Za fungu la mwisho unazirudia kila siku. Za kati unaziacha siku mbili tatu. Za kwanza unaziacha mpaka uwe umeanza kuzisahau, ndipo unazirudia, maana kile unachokivuta kutoka kwenye usahaulifu ndicho kinachokaa. Hivyo ndivyo Mwalimu Marita alivyoniambia, na ndivyo ilivyokuwa.

Najua hutazitengeneza. Nakufahamu. Utakata boksi, utaandika tano, utaenda kusuka nywele. Nitumie madaftari, nitakutengenezea mimi. Usiniulize kwa nini.

Ni mimi.


Bwenini, Mbozi
11 Mei 1997

Mdogo wangu mpenzi,

Barua yako niliisomea dukani kwa Zaitun, nikaisoma tena njiani. Nashukuru Nesta anatambaa. Huku tulikuwa na ugonjwa wa macho, bweni zima lilikuwa jekundu, sasa tumepona. Baba alipita wiki iliyopita akaniletea sukari na viatu. Anasema nikifaulu nitakwenda chuo cha ualimu, ameshazungumza na watu.

Hiki kifurushi kina madaftari ya Baiolojia, Historia, Jiografia na Uraia. Yote ni Kiingereza, sijui utafanyaje. Nimeweka kalamu za rangi mbili na mche wa sabuni kwa ajili ya mtoto. Nakushukuru kwa kukubali kunisaidia. Naomba madaftari yarudi kabla ya mtihani wa majaribio.

Umeuliza juu ya kuitika. Mwaka wa kwanza nilikuwa nachelewa, wakadhani nina tatizo la masikio. Siku hizi naitika hata nisipoitwa mimi. Kidato cha pili kuna Kabula mwingine, mtu akiita tunageuka wote wawili. Wakati mwingine Zaitun akiniita Conjesta napita kama sikusikia.

Mengine uliyoyaandika nimeyasoma.

Dada yako,
Conjesta


Ivuna
29 Juni 1997

Dada Conjesta,

Kiangazi kimekaza na sisi tuko kwenye chumvi. Tunachota maji, tunachemsha, tunakwangua, moshi unatutoa machozi kutwa. Mama amekuja kunisaidia na Nesta. Kashinje amehamisha ng'ombe karibu na ziwa lakini hurudi kila baada ya siku kadhaa. Tunaendelea.

Salum atakuletea mafungu manne, nimeyafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Maboksi ni ya biskuti, aliniokotea yeye Tunduma. Usishangae kadi zikikwaruza, ni chumvi ya mikono yangu. Maswali ya kila somo nimeyaandika kwa bluu na majibu kwa nyekundu. Madaftari yako nayo yamo.

Umeuliza Kiingereza nakiwezaje. Sikiwezi. Nilikuwa naandika neno nisilolijua kwenye kadi yake, maana yake nyuma, na maana nilikuwa naifuata kwa Mwalimu Marita siku za Jumamosi. Nilianza na maneno ya Baiolojia, nikayazoea, baadaye sentensi zikaanza kufunguka zenyewe. Kwa hiyo kwanza nilijitengenezea kadi zangu, ndipo nikakutengenezea zako. Zangu ninazo. Huwa nazichomeka kwenye upindo wa kanga, nakoroga maji ya chumvi kwa mkono mmoja na mwingine unashika kadi.

Mama mkwe alikwenda kwa Kashinje akamwambia mkewe amekuwa mcheza karata, anacheza kamari na wanawake wa chumvini. Kashinje akaja na hasira, akazichukua zote. Nikamweleza. Akakaa kwenye kigoda, akanionyesha kadi moja, upande wa swali. Yeye hajui kusoma, unajua. Nikajibu, akageuza, akaniangalia usoni.

"Umepata," akasema.

Nikamuuliza amejuaje.

"Ukikosa unakunja paji la uso kabla sijageuza."

Tangu siku hiyo akiwa nyumbani yeye ndiye hunishikia. Sikusema hivi ili umsifu. Ni yeye huyo huyo aliyeleta ng'ombe nikiwa na miaka kumi na minne.

Sasa sikiliza. Umenishukuru kwenye barua yako, nami sitaki shukrani. Sikusaidii wewe. Matokeo yatakapotoka kitakachobandikwa ukutani ni Kabula Bugalama, na mimi sitaki jina langu lianguke. Basi.

Na ninataka kitu. Mwalimu Marita anasema kuna mtihani wa maarifa kwa watu wa mtaani ambao hawakupita sekondari. Ukiushinda, unaruhusiwa kufanya ule wa kidato cha nne ukiwa nje ya shule. Wanataka cheti cha darasa la saba. Mwombe baba mdogo anirudishie changu.

Ni mimi.


Bwenini, Mbozi
10 Agosti 1997

Mdogo wangu,

Poleni na chumvi. Nilikuwa likizo Tunduma, nyumbani ni wazima, ila mama amelazwa siku mbili halafu akarudi. Malori yamepanga foleni mpakani mpaka kule mjini, na baba anasema biashara imekuwa ngumu.

Kadi zako zimenisaidia. Nilizifuata kama ulivyosema, hata zile za kusubiri nisahau kwanza. Kwenye mtihani wa majaribio Historia nilipata alama ambazo sijawahi kuzipata tangu nije hapa, ila Kemia bado siielewi. Wenzangu wanaziazima. Wameniuliza nani anaziandika, nikawaambia dada yangu yuko chuoni.

Lakini kuna jambo limenisumbua. Mwalimu wa Baiolojia aliuliza darasani ni mishipa gani inatoa damu kwenye moyo kuipeleka mwilini. Nilijua hilo, lilikuwa fungu la kwanza. Nikasimama bila kusubiri nichaguliwe, nikasema vena. Darasa zima likacheka, na mwalimu mwenyewe akacheka. Nikaenda kuiangalia kadi. Imeandikwa vena, kwa mkono wako, kwa nyekundu.

Sisemi ulifanya makusudi. Nauliza tu. Unajua nikisimama pale nategemea wewe umeandika kweli.

Kuhusu cheti, nilimwambia baba. Akaendelea kuhesabu ngozi zake. Nilipomkumbusha aliniuliza nani amenifundisha maneno hayo. Nikaona niache kwanza.

Dada yako,
Conjesta


Ivuna
31 Agosti 1997

Dada Conjesta,

Pole kwa mama mdogo. Mpe pole zangu, kama utaweza kusema zimetoka kwa nani.

Fungua daftari lako la Baiolojia, pale penye mchoro wa moyo. Wewe ndiye uliyeandika kwamba vena zinatoa damu na ateri zinarudisha. Mimi niliandika nilichokuta. Ningekuwa darasani ningemsikia mwalimu mwenyewe. Sikuwa darasani. Sahihisha kadi hiyo, nami nimeshasahihisha yangu.

Chuoni, umewaambia. Sawa.

Wiki iliyopita nilipanda lori la Salum na Mwalimu Marita mpaka Vwawa, kuulizia ule mtihani. Nilimbeba Nesta. Tulifika kwa mtu anayeandikisha, mwenye kuongea vizuri, akaniuliza jina. Nikamtajia. Hatukuwa na cheti, akasema si neno, ataangalia kwenye orodha za wilaya mwaka niliomaliza. Akapekua. Akasimamisha kidole.

"Kabula Bugalama, Ivuna," akasema. "Huyu yuko shule ya bweni hapa hapa Mbozi, mwaka huu anamaliza kidato cha nne." Akainua macho. "Wewe ni nani?"

Conjesta, nilikuwa nimesimama mbele yake na ulimi wangu uko mdomoni. Ningesema neno moja, jioni ile ile ungefungashwa godoro lako. Mwalimu Marita alinibana mkono, sijui alitaka niseme au ninyamaze. Nikasema nimekosea, nikatoka. Mwalimu alilia njiani. Mimi sikulia.

Kwa hiyo langu siwezi kulitumia mpaka utakapomaliza nalo, na ukimaliza litakuwa na vyeti vyako juu yake. Lakini lako liko wazi. Conjesta Makene alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa, hayuko shule yoyote. Cheti chake kipo, nilikiona mimi mwenyewe siku tulipopewa. Nitumie hicho. Nitafanya mtihani kwa jina lako. Sitakwambia kwamba nitaona raha, lakini nitaufanya.

Kemia umesema huelewi. Nitumie daftari, lakini safari hii liandike kwa makini.

Ni mimi.


Bwenini, Mbozi
21 Septemba 1997

Mdogo wangu Kabula,

Natumaini nyote hamjambo. Huku tunasoma kutwa, shamba la shule limesimamishwa kwa ajili yetu wa kidato cha nne.

Daftari la Kemia hili hapa. Cheti siwezi. Usinifikirie vibaya. Ninacho mimi, si baba, kiko chini ya sanduku langu la bati. Nimekitoa mara nyingi nikakirudisha. Jina hili nimepewa na bibi yangu mzaa mama, na halipo popote tena ila kwenye karatasi hiyo na kinywani mwa Zaitun. Wewe ukifaulu nalo, mimi nitarudi kwa nani? Nitakuwa sina la kwangu kabisa.

Najua utakavyojibu. Naomba usijibu.

Conjesta


Ivuna
12 Oktoba 1997

Conjesta,

Tu wazima. Wingu limeanza kujikusanya upande wa ziwa na wazee wanasema mvua ya mwaka huu itakuwa mbaya. Salum anapanda kesho, labda ni safari yake ya mwisho kabla ya barabara kufungwa.

Umesema nisijibu. Sijibu.

Kadi za Kemia hizi, pamoja na fungu jipya la masomo yote, maswali ambayo Mwalimu Marita aliyakusanya kwenye mitihani ya miaka iliyopita. Kila jibu tumelipitia pamoja, yeye na mimi, kwenye vitabu alivyoazima kwa mapadre. Anza na hizi, hata zile za zamani ziache.

Nimezituma kwa sababu niliyokwisha kukwambia.

K.


Itaka
8 Machi 1998

Mdogo wangu Kabula,

Salamu kutoka Itaka. Niko kwa mama Enesi, dada yake mama, shambani kwake. Mvua hizi za Elnino zimeng'oa miche ya kahawa na daraja la kwenda barabara kuu, hivyo sijui barua hii itakufikia lini. Mama Enesi ni mzima na ananitunza. Baba alinileta hapa mwenyewe. Alisema hawezi kuniona Tunduma kwa sasa.

Matokeo yametoka. Utakuwa umesikia, au utasikia. Nimepata ziro.

Naandika hivi kwa sababu hakuna mwingine wa kumwandikia. Lile fungu la mwisho sikulifungua. Zaitun alinipa wiki mbili kabla ya mtihani, pamoja na barua yako. Niliisoma barua mara nyingi nikitafuta neno moja la hasira, sikuliona, na hapo ndipo nilipoogopa. Nilijisemea, mtu niliyemnyima cheti hawezi kunitumia majibu ya kweli bila hata kunitukana. Nilijiweka kwenye nafasi yako, nikaona mimi ningeandika vena kila mahali. Basi nikalitia chini ya godoro na mpira wake. Na zile za zamani nazo nikaanza kuzishuku, moja baada ya nyingine, mpaka nikawa sijui lipi ni lipi. Kwenye Historia, ambayo nilikuwa naiweza, nilifuta majibu nikaandika mengine.

Nimelifungua baada ya matokeo, hapa Itaka. Nina karatasi za maswali, nilitoka nazo. Nimelinganisha, na kila jibu lilikuwa la kweli. Siwezi kukuandikia yaliyomo mle, wewe unayajua.

Wiki ya mtihani, mchana mmoja, msimamizi alipita akisoma majina kwenye meza, akafika kwangu, "Kabula Bugalama," na mimi sikuitika. Ilibidi anigonge begani.

Sijui nikuambie nini. Cheti changu cha darasa la saba nimekiweka humu ndani ya bahasha. Kichukue, kama bado unakitaka.

Conjesta


Ivuna
14 Juni 1998

Dada Conjesta,

Barua yako imefika mwezi wa tano, imelowa na kukauka, wino umetembea, lakini nimeisoma yote. Huku maji yaliingia mpaka kwenye maboma, tulipoteza ndama na mabanda ya chumvi yalisombwa. Nesta aliugua malaria, sasa anatembea na kusema. Mama yuko salama. Baba anakohoa.

Matokeo niliyasikia kabla ya barua yako. Mwalimu Marita aliyaona Vwawa. Alikuja nyumbani kwa miguu kwenye matope yale, akakaa, akanipa pole kama mtu anayempa pole mfiwa. Majirani walipojua kuna orodha, wakaanza kuniuliza imekuwaje jina langu liko ukutani na ziro mbele yake, maana wengi hapa hawakuwa wanajua. Baba aliambiwa mnadani, mbele ya wanaume wenzake, kwamba bintiye amefeli. Alirudi, akapita mbele yangu, akaenda kwa ng'ombe wake.

Cheti chako nakirudisha, kimo humu. Sikihitaji tena, nawe utakihitaji.

Nilikwenda Tunduma. Nilimkuta baba mdogo anakagua ngozi na kijana wa Kizambia, nikangoja mpaka wamalize. Nilidhani nitagombana naye. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima kutoka Ivuna. Alinisikiliza nusu, akaingia ndani, akatoka na bahasha. Ndani mlikuwa na cheti changu na karatasi yako ya matokeo.

"Chukua jina lako," akasema. "Halina kazi tena."

Hivyo tu, kama mtu anayerudisha jembe lililovunjika mpini. Nikamuuliza wewe atakufanyia nini. Akasema umeshapata mtu, mfanyabiashara wa hapo mjini anayeitwa Yahaya, mtu mzima, na posa ameshaipokea. Kahawa ikimalizika kuvunwa atakuja kukuchukua. Sijui kama amekwambia. Kama hajakwambia, basi nakwambia mimi, ili angalau wewe usisikie ukiwa unachuja maziwa.

Umeandika kwamba ulijiweka kwenye nafasi yangu. Hukuwahi kukaa kwenye nafasi yangu. Ulikaa kwenye kiti changu, si kitu kimoja. Sina la kuongeza hapo, na usitegemee nitakuandikia kwamba yamekwisha. Hayajakwisha.

Kutoka Tunduma nilipitia Vwawa. Mwalimu Marita alikuwa amenieleza kwamba mtu aliyefeli kidato cha nne hahitaji ule mtihani wa maarifa. Anaandikishwa moja kwa moja kurudia. Kwa hiyo ziro yako ndiyo iliyonifungulia mlango, nami nimeandikishwa kurudia mtihani ambao sijawahi kuufanya. Ni Novemba mwaka huu.

Kulikuwa na foleni. Safari hii alikaa mtu mwingine, karani mnene mwenye miwani. Nilimpa zile karatasi zote mbili. Akasoma, akaniangalia, akamwangalia Nesta mgongoni kwangu.

"Ziro," akasema, na watu wakageuka. "Masomo yote. Ulikuwa unafanya nini shuleni miaka minne, Kabula?"

Nikamwambia nilikuwa sisomi.

Akatikisa kichwa, akagonga muhuri. "Serikali inawapa nafasi, nyinyi mnazichezea," akasema. "Haya, weka sahihi hapa."

Nikaweka. Ilikuwa mara ya kwanza kuliandika jina langu tangu darasa la saba.

Kabula Bugalama